Chuo kizima kinapopaza sauti moja: degedege, kifafa na kemia ya ubongo wa mtoto

Kuna sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi. Ni ya mama asiyejitaja jina, anazungumza taratibu kama anayemuusia mdogo wake: mtoto akishikwa na degedege msimkimbize hospitali, atadungwa sindano na sindano itamuua, kwanza apelekwe kwa mtu anayejua mambo ya nyuni. Nimetumiwa mara nne. Mara ya mwisho ilitoka kwa shangazi yangu wa Mambrui, naye akaongeza swali: "Hebu nieleze wewe unayesomasoma. Ni kweli haya?"

Jibu fupi, shangazi, ni hapana. Jibu refu lina kona, kwa sababu ndani ya ule uongo mna chembe ya jambo lililowahi kuonekana kweli, tena huku huku kwetu, likapimwa na kuhesabiwa. Ili tulifikie, inabidi kwanza tuingie ndani ya kichwa cha mtoto.

Tuanze na majina, maana vurugu nyingi zimeanzia hapo. Nyuni ni ndege. Dege ni ndege mkubwa. Mtoto anakakamaa, macho yanapanda juu, mikono inapigapiga kama mbawa, na waliotutangulia wakasema amepitiwa na ndege. Ni jina zuri, linachora kinachoonekana. Lakini halisemi kilichosababisha, na sisi tumelichukua kama kwamba linasema. Degedege ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili. Kikohozi kinaweza kuwa cha vumbi, cha mafua au cha TB, na hakuna anayemeza dawa za TB kwa vumbi la barabarani. Mitukutiko ya mtoto vilevile inaweza kutokana na homa tu, na malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo, na sukari iliyoshuka, au ikawa ni kifafa.

Kifafa ni jambo jingine. Ni ubongo wenye mazoea ya kushikwa bila kuchokozwa. Kwa kawaida daktari hatamki neno hilo mpaka mtu awe ameshikwa angalau mara mbili, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Mtoto aliyeshikwa mara moja akiwa na homa kali hajawa mwenye kifafa, hata jirani aseme nini.

Sasa tuingie ndani. Waliosoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, wanaikumbuka ile kelele ya asubuhi. Watoto arobaini kwenye mikeka, huyu bado yuko kwenye alif, yule ameshafika Yasin, kila mmoja anasoma chake kwa sauti. Mpita njia nje ya ukuta husikia zogo tu. Lakini ndani kazi inakwenda: kila mtoto ana ubao wake na somo lake. Ubongo ulio mzima uko hivyo. Una chembe za neva, yaani nuroni, zinazokadiriwa kufika bilioni 86, na kila kundi lina lake: hawa wanaona, hawa wanakumbuka, hawa wanasogeza kidole gumba.

Mshtuko wa degedege au kifafa ni pale chuo kizima, au pembe yake moja, kinapodaka neno moja na kulipiga kwa pamoja, tena na tena, vichwa vikiyumba kwa mkupuo mmoja. Kwa nje sauti ni kubwa na imepangika kuliko siku zote. Kwa ndani hakuna anayesoma. Watu wengi hudhani ubongo unaoshikwa "umezimika". La, unafanya kazi kupita kiasi, na unaifanya kwa mpigo mmoja. Mwaka 1924, katika mji wa Jena huko Ujerumani, daktari Hans Berger alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa, sawa na kusikiliza chuo kwa kuweka sikio ukutani. Kipimo hicho bado kinatumika. Ubongo unaofanya kazi huchora vistari vidogo vilivyovurugika. Unaoshikwa huchora mawimbi makubwa yanayofanana. Mkono ukirusharusha, ni kwa sababu wale wanaoshughulikia mkono wamo katika wanaopiga kelele.

Kinachofanya chuo kisipige kelele moja muda wote ni kemikali. Chembe moja ya neva haiigusi nyenzake. Kati yao kuna upenyo mdogo mno, na ujumbe huvuka upenyo huo ukibebwa na kemikali. Wabebaji ni wengi, lakini kwa mambo yetu ya leo wawili wanatosha. Wa kwanza ni glutameti, naye husema "soma!" Wa pili anaitwa GABA, naye husema "shii!" Glutameti si adui. Bila yeye huwezi kujifunza hata njia ya kurudi nyumbani. GABA naye si mlezi wa usingizi tu. Yeye ndiye anayehakikisha wa alif hafuati wa Yasin. Mwaka 1950 Mmarekani Eugene Roberts alionyesha kwamba ubongo umejaa GABA, na ikachukua miaka zaidi wanasayansi kukubaliana kuwa kazi yake ni kutuliza.

Jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza ni kwamba GABA hutengenezwa kutokana na glutameti yenyewe. Mpayukaji hubadilishwa kidogo tu akawa mnyamazishaji. Ni kama tembo la mnazi (msinifukuze chuoni kwa kulitaja): asubuhi linachangamsha maneno, likiachwa linageuka siki ya kutilia kachumbari. Zao ni moja, kazi mbili. Na ili ligeuke panahitajika chachu. Katika ubongo chachu hiyo ni protini maalumu inayoshindwa kazi ikikosa vitamini B6.

Hili lilijulikana kwa njia ya majonzi. Mapema katika miaka ya 1950 huko Marekani, watoto wachanga waliokuwa wakinywa maziwa ya kopo ya aina fulani walianza kushikwa na mitukutiko. Hawakuwa na homa. Ikabainika kwamba vitamini B6 ilikuwa ikiharibika kwa joto la kiwandani. Wakipewa vitamini hiyo, mitukutiko ilikoma. Mwaka 1954 kukaelezwa pia watoto wachache ambao miili yao yenyewe, kwa kuzaliwa, inadai B6 nyingi kupita kawaida. Kwa hao dawa zote za kifafa hushindwa na vitamini hufaulu. Ukimjua mtu aliyewahi kutumia dawa ya TB iitwayo isoniazidi, huenda alipewa na vidonge vya B6. Hupewa hasa kwa ajili ya ganzi ya miguu, lakini mkondo ni ule ule: dawa ile huila B6, na mtu akiimeza kupita kiasi anaweza kushikwa na mitukutiko kwa kuishiwa GABA.

Basi kwa nini watoto, na kwa nini homa? Mitukutiko ya homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Ulaya na Marekani huwapata wawili hadi watano katika kila mia, na Wazungu hao hawana nyuni. Umri huo chuo ni kipya. Wapayukaji wameshajaa mikekani, wanyamazishaji bado wanafundishwa kazi. Joto la mwili likipanda, chembe za neva huwa nyepesi kuwaka. Mara nyingi hupita ndani ya dakika chache na mtoto akabaki salama. Ukubwani ni wachache wanaopata kifafa. Kwa takwimu za nchi hizo ni wawili hadi wanne katika mia, kwa kulinganisha na mmoja katika mia kwa watu wengine.

Ubongo wa mtoto pia ni mlaji mkubwa. Kwa mtu mzima unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano unakula zaidi ya asilimia 40. Mtoto mgonjwa aliyekataa kula tangu jana sukari yake hushuka, na ubongo wenye njaa nao hushikwa. Ndiyo maana muuguzi humchoma kidole kabla ya lolote. Si kumwonea.

Mtoto mchanga wa siku chache ana hadithi yake, nami naomba uvumilivu wako hapa maana ndipo patamu. Mwaka 1989 Yehezkel Ben-Ari na wenzake, wakichunguza ubongo wa panya wachanga huko Ufaransa, waliona kwamba GABA kwao haisemi "shii". Inachochea! Sababu ni chumvichumvi iitwayo kloraidi: chembe changa huwa nayo nyingi ndani, na mlango ambao GABA huufungua, badala ya kuingiza kloraidi na kutuliza, huitoa na kuamsha. Ni kama mwalimu anayeinua mkono kunyamazisha darasa la wageni ambao hawajaambiwa maana ya mkono ule, wao wakadhani anawaambia waongeze sauti. Hilo linasaidia kueleza kwa nini fenobabito, dawa inayomtilia GABA nguvu, ilikomesha mitukutiko kwa chini kidogo ya nusu tu ya wachanga waliopewa, katika jaribio lililojulikana sana la mwaka 1999. Wazo likawa wazi: tutafute dawa ya kupunguza kloraidi. Ilikuwepo tayari, dawa ya kukojoza iitwayo bumetanidi. Ulaya wakaijaribu kwa wachanga, haikusaidia kama ilivyotarajiwa, baadhi wakapoteza usikivu, na jaribio likasimamishwa. Nalitaja hili makusudi. Wazo zuri kwenye panya halikuwa zuri kwa mtoto, na waliolijaribu walilisema hadharani.

Ndiyo tunarudi kwenye ile sindano.

Kilifi, mwendo wa kilomita kama 60 kusini mwetu, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kilichoanza mwaka 1989. Malaria ndiyo iliyowapeleka pale, na mitukutiko ya watoto ikawa haikwepeki, maana malaria ikipanda kichwani mtoto hupoteza fahamu na wengi wao hushikwa. Seli nyekundu zenye vimelea hunata ndani ya vimishipa vya ubongo. Daktari Charles Newton na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba shinikizo ndani ya fuvu la watoto hawa hupanda. Baadaye ikaonekana kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kasoro ya kusema, kukumbuka, kutembea au kushikwa na kifafa. Ili kujua nani amebaki na nini, ilibidi kuwepo kipimo kinachomfaa mtoto wa huku, si cha kumwonyesha vitu ambavyo hajawahi kuviona; Amina Abubakar na wenzake wakatengeneza kimoja, kinachopima mtoto anavyotembea na anavyotumia mikono na macho pamoja, na kikabeba jina la Kilifi.

Swali likaja: ikiwa mitukutiko inaumiza ubongo, kwa nini tusiizuie mapema? Timu iliyoongozwa na Jane Crawley ikachukua watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu walidungwa fenobabito mara moja, nusu wakadungwa maji yasiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Walioshikwa mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 27 kwa wasiopata dawa na asilimia 11 kwa walioipata. Dawa ilifanya kazi yake. Kisha wakahesabu vifo: 14 kwa wasiopata, 30 kwa walioipata.

Soma tena tarakimu hizo. Mitukutiko ilipungua, vifo vikaongezeka mara mbili. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wamepewa pia dayazepamu, dawa ya kukomesha mshtuko unaoendelea, mara tatu au zaidi. Na ukiujua mlango wa GABA, unaelewa. Fenobabito na dayazepamu zote mbili husukuma mlango ule ule. "Shii" juu ya "shii" juu ya "shii", mpaka ikawafikia wale wasiotakiwa kunyamaza kamwe, chembe zinazoendesha pumzi. Hayo ndiyo maelezo yanayoelekea zaidi, na mahali pasipo na mashine ya kupumulia, mtoto aliyesahau kuvuta pumzi hana wa kumvutia.

Basi yule mama wa WhatsApp ana haki? Hapana, na tofauti ndiyo kiini cha makala haya. Utafiti ule ulihusu dozi moja kubwa ya dawa inayokaa muda mrefu mwilini, iliyotolewa kwa kuzuia, kwa watoto waliokwisha poteza fahamu. Baada yake miongozo ya malaria ikakataa matumizi hayo. Haukuhusu kumzimia mtoto mshtuko unaoendelea. Mshtuko usiokoma kwa dakika tano unahitaji kukomeshwa, na dayazepamu, hata ikitiwa kwa njia ya haja kubwa, ndiyo imeokoa wengi. Ila dozi zake huhesabiwa. Na sindano nyingi anazodungwa mtoto wa degedege si za degedege hata kidogo. Ni za malaria, au za homa ya uti wa mgongo. Wazee walioona watoto wakifa baada ya sindano hawakuona ndoto. Waliona mtoto aliyefikishwa siku ya tatu, baada ya mizizi na mafusho, akidungwa akiwa tayari yuko mlangoni mwa mauti. Sindano ikawa kitu cha mwisho kilichoonekana, ikabeba lawama zote.

Mwaka juzi nilipanda tuk-tuk Barani, kina mama wawili wakaingia kwa fujo na mtoto wa kama miaka miwili. Bibi yake alikuwa amemtia kijiko katikati ya meno, mama anamsugua nyayo kwa kitunguu. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Haikuwa ya degedege, ilikuwa ya kijiko. Dereva, kijana mdogo tu, akageuka: "Nyanya, kitoe hicho, mlaze ubavu." Bibi akamtazama kama aliyetukanwa, kisha akakitoa. Mate na maziwa yakamwagika nje badala ya kwenda kifuani. Tulipofika lango la hospitali mtoto alikuwa ameshaanza kulia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Yule dereva alijua mambo yote ya msingi. Mlaze mtoto ubavu, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa ya kunywa. Usimbane viungo. Tazama saa, kwa sababu kila mtu atasema "alishikwa nusu saa" na mara nyingi ilikuwa dakika mbili. Zikipita tano, au akishikwa tena, au asipozinduka, msingoje. Na hata akizinduka, mtoto mwenye homa aliyeshikwa lazima aonwe siku hiyo hiyo, maana pwani yetu malaria ipo, na uti wa mgongo hausubiri. Panado itampunguzia maumivu. Haizuii degedege, wala kumpangusa maji hakuizuii.

Kuna watoto wachache ambao mitukutiko yao ya homa huwa mirefu, ya upande mmoja, ya kurudiarudia kabla hata ya kutimiza mwaka. Mwaka 1978 daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa aliwaeleza, na mwaka 2001 ikajulikana kuwa wengi wao wana hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo hutengeneza kilango cha sodiamu ambacho wanyamazishaji hukitegemea mno. Kabamazepini, dawa nzuri kwa wengi wenye kifafa, huziba vilango vya sodiamu, na kwa watoto hawa huwazidishia. Ukisikia daktari amekataa kumpa mwanao dawa iliyomponya mtoto wa jirani, huenda anajua anachokifanya.

Kuhusu kuambukiza nitasema machache. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa ule upepo unaotajwa kwa kunong'onezana. Mlango wa kemikali ulio ndani ya fuvu la mtu hauwezi kuruka ukaingia kwa mwingine. Duniani wenye kifafa ni kama milioni 50, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa wakipimwa na kutibiwa sawasawa. Fenobabito inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na ni ya bei nafuu. Kosa linaloumiza wengi ni kuiacha ghafla mtu akijiona amepona: ubongo uliozoea kunyamazishwa, mnyamazishaji akiondoka siku moja bila kuaga, hulipuka kuliko mwanzo.

Nilimsomea shangazi haya yote kwa simu, karibu nusu saa, salio likaisha mara moja tukaanza tena. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Na ule mvuje niliomfunga mjukuu wangu mkononi, niufungue?"

Nikamwambia auache, mradi usiwe shingoni, na mradi usimcheleweshe.

"Sawa, mwanangu. Ila hizo dakika tano nitazihesabuje, na mimi saa ya simu siioni bila miwani?"

Tukakubaliana miwani ikae juu ya friji, karibu na funguo za mlango.